Jinsi ya kuchora grafu ya inikwaliti zenye mistari na duara bila kukosea upande wa kivuli

Wengi wanaoanguka kwenye hili swali sio kwamba hawajui kuchora. Mstari wanachora, duara wanachora, safi kabisa, halafu kinakuja kivuli na hapo ndo maksi zinaanza kupotea. Mtu akiona alama ya ndogo kuliko anashedi chini, akiona kubwa kuliko anashedi juu, na duara analishedi ndani kwa mazoea tu bila kuuliza. Wakati mwingine inaangukia sawa, na hiyo ndo mbaya zaidi maana anaendelea kuamini njia ambayo swali linalofuata itamwangusha.

Kwa hiyo hapa mpangilio ni mmoja na naomba usiuvunje: mipaka yote kwanza, halafu jaribio la nukta, kivuli mwisho kabisa. Hutagusa kivuli mpaka hatua ya 7. Ninaposema inikwaliti namaanisha ile sentensi ya hesabu yenye <, >, ≤ au ≥ mahali ambapo mlinganyo ungekuwa na =.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Karatasi ya grafu. Ya mistari ya kawaida haifai, duara litakudanganya.
- Penseli iliyochongwa vizuri, na kifutio kisichochafua karatasi.
- Rula ya sentimita 30.
- Bikari ambayo miguu yake haichezi. Ikilegea katikati ya kuchora, duara haliungani pale lilipoanzia.
- Penseli ya rangi moja kwa ajili ya kivuli cha mwisho.
- Kikokotoo, ingawa kwa swali letu hutakihitaji sana.

Kichwani uwe unajua kufungua mabano, kutafuta vigawo vya mlinganyo wa kipeo cha pili, na kuweka nukta kwenye grafu. Basi.

## Swali tutakaloenda nalo

Chora eneo linalotimiza yote matatu kwa pamoja:

x² + y² − 4x + 2y − 20 ≤ 0
x − y < 2
x ≥ −1

Nimelitunga makusudi hivi. Duara limefichwa, hulioni kitovu chake moja kwa moja. Mstari wa pili una y yenye hasi. Alama zimechanganywa, nyingine zina usawa na moja haina. Ukilimaliza hili kwa kuelewa, mengi ya aina hii yatakuwa mepesi.

## Hatua ya 1: Soma wanataka kivuli wapi

Kabla ya penseli, soma maelekezo ya swali neno kwa neno. Kuna maswali yanasema shedi eneo linalotakiwa, na kuna mengine yanasema shedi eneo LISILOTAKIWA ili jibu libaki jeupe. Ni vitu viwili vinavyopingana kabisa na mtu anaweza kufanya hesabu zote sawa akatoa picha iliyogeuka.

Andika pembeni ya karatasi kwa maneno yako: "jibu = lenye kivuli" au "jibu = jeupe". Kwenye mwongozo huu jibu ni lenye kivuli.

## Hatua ya 2: Litoe duara mafichoni

Utajuaje kwamba ni duara? Kuna x² na y² zote mbili, namba zilizo mbele yao zinafanana, na hakuna sehemu yenye xy. Kama ingekuwa 2x² + 2y² ungegawa kila kitu kwa 2 kwanza. Kama ingekuwa x² + 3y², hilo sio duara, ni duaradufu, na bikari haitakusaidia.

Sasa tunakamilisha mraba. Panga x pamoja, y pamoja, namba peke yake ipeleke upande wa pili:

x² − 4x + y² + 2y ≤ 20

Chukua namba iliyo mbele ya x, ni −4, nusu yake −2, mraba wake 4. Ya y ni 2, nusu yake 1, mraba wake 1. Ongeza hizo 4 na 1 pande ZOTE mbili:

x² − 4x + 4 + y² + 2y + 1 ≤ 20 + 4 + 1
(x − 2)² + (y + 1)² ≤ 25

Kitovu ni (2, −1). Nusu kipenyo ni 5.

Hapo kuna sehemu mbili ambazo watu wanateleza kila siku. Ya kwanza ni ishara za kitovu. Ndani ya mabano kuna (x − 2) lakini kitovu kina x = 2 chanya, kuna (y + 1) lakini kitovu kina y = −1. Usikariri kwamba "zinageuka", jiulize tu: x iwe ngapi ili mabano yawe sifuri? Iwe 2. Na y? Iwe −1. Kitovu ni ile nukta inayofanya mabano yote mawili yawe sifuri, maana hapo umbali kutoka kitovuni ni sifuri. Ukielewa hivyo huwezi kusahau hata ukiwa na presha ya mtihani.

Ya pili ni ile 25. Hiyo ni mraba wa nusu kipenyo, sio nusu kipenyo chenyewe. Ukijikuta unafungua bikari mpaka inakaribia kuvunjika, rudi uangalie kama ulitafuta kipeuo cha pili.

Ukifanikiwa: fungua mabano tena upya. (x − 2)² inatoa x² − 4x + 4, (y + 1)² inatoa y² + 2y + 1, toa 25 upate −20. Imerudi ilipotoka, endelea.

## Hatua ya 3: Chora mihimili yenye nafasi ya kutosha

Kitovu (2, −1) na nusu kipenyo 5 vinakuambia duara litaenda mpaka wapi. Kushoto 2 − 5 = −3, kulia 2 + 5 = 7, juu −1 + 5 = 4, chini −1 − 5 = −6. Ongeza nafasi kidogo kila upande, kwa hiyo x iende −4 mpaka 8 na y iende −7 mpaka 5. Sentimita moja kwa kila yuniti inatosha.

Skeli ya mhimili wa x na ya mhimili wa y LAZIMA zilingane. Kwenye grafu za mistari tu unaweza kuweka skeli tofauti na maisha yakaendelea, ila ukiwa na duara haiwezekani, kwa sababu bikari inapima umbali mmoja kila upande, skeli zikitofautiana duara la kweli linatakiwa kuonekana kama yai na wewe umechora duara, maana yake umechora kitu kingine kabisa.

## Hatua ya 4: Chora mipaka, na amua mzima au vitone

Kila inikwaliti ina mpaka wake, unaupata kwa kubadilisha alama kuwa =. Alama yenye usawa (≤ au ≥) mpaka wake ni mstari mzima maana nukta za mpakani zimo kwenye jibu. Alama isiyo na usawa (< au >) mpaka ni wa vitone, nukta zake hazimo.

Andika kwanza, chora baadaye:

- Duara: ≤, mzima.
- x − y = 2: <, vitone.
- x = −1: ≥, mzima.

Fanya hili kabla ya kuchora kwa sababu kufuta mstari mzima ili uwe vitone kunaacha alama, na anayesahihisha anaona vyote viwili hajui umemaanisha nini.

Duara. Kabla ya bikari weka nukta nne: (7, −1), (−3, −1), (2, 4) na (2, −6). Hizo ni kitovu jumlisha au toa 5. Sasa weka ncha ya bikari kwenye (2, −1), fungua mpaka ifike (7, −1), zungusha. Ikipita nukta zote nne, duara lako ni sahihi. Ikikosa moja, usilazimishe kwa mkono, bikari imelegea au kitovu umekosea.

Mstari x − y = 2. Weka x = 0, y inakuwa −2. Weka y = 0, x inakuwa 2. Tafuta na nukta ya tatu, kwa mfano x = 5 inatoa y = 3. Nukta mbili zinatosha kuchora mstari ila ya tatu ndo inakuambia kama mbili za kwanza zilikuwa sawa: zisipolala kwenye mstari mmoja kuna hesabu imeharibika. Chora kwa vitone, urefu wote wa grafu, usiishie ndani ya duara.

Mstari x = −1. Huu umesimama wima. Watu wanauchora umelala kwa sababu wanaona x wanawaza mhimili wa x, lakini x = −1 maana yake kila nukta yenye x ya −1, y iwe yoyote, (−1, 0), (−1, 3), (−1, −5), zote zinapangana juu na chini.

## Hatua ya 5: Tafuta nukta za makutano kwa hesabu, sio kwa macho

Mipaka inapokatana ndipo eneo lako litakuwa na kona. Ukisoma kwenye grafu kwa macho unaweza kuandika (4.9, 3.1) wakati jibu ni (5, 3), na kama bikari ilicheza kidogo hali inakuwa mbaya zaidi.

Duara na mstari wa vitone. Kutoka x − y = 2 tunapata y = x − 2. Weka kwenye duara:

(x − 2)² + (x − 2 + 1)² = 25
(x − 2)² + (x − 1)² = 25
x² − 4x + 4 + x² − 2x + 1 = 25
2x² − 6x − 20 = 0
x² − 3x − 10 = 0
(x − 5)(x + 2) = 0

x = 5 inatoa y = 3. x = −2 inatoa y = −4. Nukta ni (5, 3) na (−2, −4).

Kumbuka kurudisha x kwenye mlinganyo wa MSTARI ili upate y, usiirudishe kwenye duara. Duara litakupa y mbili kwa kila x na moja kati ya hizo ni ya uongo kwa swali lako.

Duara na x = −1. (−3)² + (y + 1)² = 25, kwa hiyo (y + 1)² = 16, y + 1 ni 4 au −4, y = 3 au −5. Nukta ni (−1, 3) na (−1, −5).

Mistari miwili. x = −1 kwenye y = x − 2 inatoa (−1, −3).

Tuna nukta tano. Sio zote ni kona za jibu. Kila moja lazima ipite kwenye ile inikwaliti ambayo haikuhusika kuitengeneza. (−2, −4) ina x ya −2, na tunataka x ≥ −1, inatoka. (−1, −5) inatoa x − y = 4, tunataka chini ya 2, inatoka. Zinabaki (−1, 3), (5, 3) na (−1, −3). Hakiki hii ya mwisho kwenye duara: 9 + 4 = 13, iko ndani, sawa.

Ukifanikiwa: nukta ulizokokotoa zinaangukia palepale mistari inapokatana kwenye mchoro wako. Zikikataa, mchoro ndo una kosa au hesabu ndo ina kosa, na afadhali ujue sasa kabla ya kushedi.

## Hatua ya 6: Jaribu nukta, weka mshale

Hii ndo roho ya kazi yote.

Kila mpaka unagawa karatasi sehemu mbili. Ukiwa ndani ya sehemu moja huwezi kutoka kwenye "inatimiza" kwenda "haitimizi" bila kuuvuka mpaka, kwa sababu thamani haiwezi kuruka kutoka chini ya 2 kwenda juu ya 2 bila kupita 2 yenyewe, na 2 yenyewe ndo mpaka. Ndiyo maana nukta MOJA inatosha kusemea upande mzima. Huhitaji kujaribu kumi.

Nukta rahisi ni (0, 0), almradi isiwe juu ya mpaka unaojaribu. Mpaka ukipita kwenye (0, 0), chukua (1, 0) au yoyote iliyo wazi upande mmoja.

- Duara: 0 + 0 − 0 + 0 − 20 = −20, na −20 ≤ 0 ni kweli. (0, 0) iko ndani ya duara, kwa hiyo tunataka ndani.
- x − y < 2: 0 − 0 = 0, ni chini ya 2, kweli. Tunataka upande wa (0, 0), yaani JUU ya mstari kuelekea kushoto.
- x ≥ −1: 0 ≥ −1 kweli. Tunataka kulia.

Rudi utazame hiyo ya pili. Alama ni ndogo kuliko lakini upande ni wa juu. Aliyefuata alama angeshedi chini na kuharibu swali zima. Sababu ni ile hasi mbele ya y: ukitaka y ibaki peke yake unapata −y < 2 − x, halafu unagawa kwa −1 na alama inageuka, y > x − 2. Unaweza kufanya hivyo kila mara, ila jaribio la nukta halijali y imekaaje wala kama ulikumbuka kugeuza, ndo maana mimi nalipendelea kuliko sheria yoyote ya juu na chini.

Sasa usishedi. Chora mishale midogo miwili au mitatu kwenye kila mpaka ikielekea upande unaotakiwa. Kwenye duara mishale inaelekea kitovuni, kwenye mstari wa vitone inaelekea juu kushoto, kwenye x = −1 inaelekea kulia.

## Hatua ya 7: Shedi mara moja tu

Wengi wanashedi kila inikwaliti peke yake halafu wanatafuta pale vivuli vitatu vinapokutana. Kwa inikwaliti mbili unaweza kuvumilia, kwa tatu karatasi imeshakuwa giza na hakuna anayeona chochote. Mishale inakuondolea hiyo shida.

Tafuta chumba kimoja ambacho mishale ya mipaka yake YOTE inaingia ndani. Kwetu ni kile chenye kuta tatu: ukuta wa kushoto ni x = −1 kutoka (−1, −3) kupanda mpaka (−1, 3), juu ni tao la duara kutoka (−1, 3) likipita (2, 4) mpaka (5, 3), na ukuta wa mwisho ni mstari wa vitone unaoshuka kutoka (5, 3) kurudi (−1, −3). Shedi humo kwa penseli ya rangi, mistari myepesi ya mshazari inayoelekea upande mmoja, na usipite nje ya tao.

Angalia umbo. Kati ya (−1, 3) na (5, 3) juu kuna mpindo, sio mstari ulionyooka. Wapo wanaounganisha kona zote kwa rula na kupata pembetatu, na kile kipande cha juu cha duara kinabaki nje ya jibu wakati ni sehemu ya jibu kabisa.

## Hatua ya 8: Kona, kitone cheusi au kiduara wazi

Kona imo kwenye jibu pale tu mipaka yote inayokutana hapo inapokuwa ya mstari mzima.

(−1, 3) ni duara (mzima) na x = −1 (mzima), kwa hiyo imo, weka kitone kilichojazwa. (5, 3) iko kwenye duara na pia kwenye mstari wa vitone, haimo, weka kiduara wazi. (−1, −3) nayo inagusa mstari wa vitone, haimo, kiduara wazi.

Hapa watu wanasema "lakini (5, 3) iko kwenye duara na duara lina usawa". Ndiyo, lakini x − y hapo ni 2, na tulitaka chini ya 2. Kukataliwa na moja kunatosha.

## Hatua ya 9: Hakiki kwa nukta zinazovuka mpaka mmoja mmoja

Chukua nukta moja ndani ya kivuli, mfano (2, 2). Duara: 0 + 9 = 9, sawa. x − y = 0, sawa. x = 2, sawa. Imepita zote.

Sasa vuka kila mpaka, moja moja, na uone kama inakataliwa na ule mpaka tu uliovuka:

- (4, 0): duara 4 + 1 = 5 sawa, x sawa, lakini x − y = 4, imekataliwa na mstari.
- (−2, 0): duara 16 + 1 = 17 sawa, x − y = −2 sawa, lakini x ni −2, imekataliwa.
- (0, 5): mistari inakubali, lakini duara linatoa 4 + 36 = 40, imekataliwa.

Hakikisho lingine, na hili nalipenda sana kwa anayejifunza mwenyewe bila wa kumsahihishia: hesabu nukta zote za namba kamili zilizomo kwenye jibu. Nenda safu kwa safu. x = −1 zina y kutoka −2 mpaka 3, nukta 6. x = 0 zipo 5. x = 1 zipo 4. x = 2 zipo 4. x = 3 zipo 2. x = 4 ipo 1. x = 5 hakuna. Jumla 22.

Ukipata 44 umeshedi upande wa pili wa mstari wa vitone. Ukipata 29 kuna makosa mawili yanayotoa namba hiyohiyo, ama umezihesabu nukta 7 zilizolala kwenye mstari wa vitone wenyewe, ama umesahau x ≥ −1 na kuingiza nukta 7 za kushoto kwake. Angalia kama orodha yako ina (5, 3) au ina (−3, −1), utajua ni lipi.

## Pale eneo linapokuwa dogo sana au halipo

Sio kila swali lina eneo la kushedi, na mtu akikosa eneo anadhani amekosea. Chukua x² + y² ≤ 25 pamoja na 3x + 4y ≥ 30. Umbali kutoka kitovu (0, 0) mpaka mstari unaupata hivi: andika mstari kama 3x + 4y − 30 = 0, weka kitovu, upate −30, ondoa hasi, gawa kwa kipeuo cha pili cha 3² + 4² ambacho ni 5. Umbali 6. Nusu kipenyo 5. Mstari haulifikii duara, na upande unaotakiwa uko mbali zaidi na duara. Jibu: hakuna nukta hata moja. Andika hivyo kwa maneno, usiache patupu.

Badilisha 30 iwe 25 na umbali unakuwa 5 sawasawa, mstari unaligusa duara kwenye (3, 4) tu, na jibu ni nukta hiyo moja. Halafu badilisha ≥ iwe > na hata hiyo moja inaondoka. Huo usawa mdogo chini ya alama ndo unaoamua.

Ukikuta duara ndani ya duara, kama 4 ≤ x² + y² < 25, hizo ni inikwaliti mbili zimeandikwa kwa pamoja. Duara la nusu kipenyo 2 ni mzima, la 5 ni la vitone, na jibu ni pete katikati yao. Hapa (0, 0) inakataliwa na duara dogo, kwa hiyo kule kunatakiwa NJE. Wale wa kushedi ndani kwa mazoea wanaangukia hapa.

Na y ≤ √(25 − x²) ni mtego wa hatari. Inafanana na nusu duara lakini chini hakuna kinachoizuia. Mpaka wa juu ni nusu duara, x inabanwa kati ya −5 na 5 kwa sababu ndani ya kipeuo haparuhusiwi hasi, halafu eneo linashuka chini bila mwisho. Jaribu (0, −100): −100 ≤ 5, kweli. Kama ulitaka nusu duara iliyofungwa lazima swali liongeze y ≥ 0.

## Kama unatumia programu

Desmos na GeoGebra, programu za kuchora grafu, zote zinakubali uandike inikwaliti moja kwa moja na zinachora vitone zenyewe kwa < na >. Zitumie kuhakiki, baada ya kuchora kwa mkono. Kwenye GeoGebra unaunganisha masharti kwa && ili kivuli kibaki cha pamoja tu, kwenye Desmos vivuli vinapandana na wewe unatafuta pale palipokolea zaidi. Duara likionekana kama yai kwenye skrini, skeli za mihimili hazilingani, zirekebishe kabla hujaanza kushuku hesabu zako.

## Moja ya kufanya mwenyewe

x² + y² + 2x − 6y − 15 < 0
x + y ≥ 7

Usisome chini mpaka umalize.

Duara ni (x + 1)² + (y − 3)² < 25, kitovu (−1, 3), nusu kipenyo 5, vitone. Mstari ni mzima. Zinakatana (−1, 8) na (4, 3), na zote mbili ni viduara wazi kwa sababu ya duara. (0, 0) inakataliwa na mstari, kwa hiyo jibu ni kile kipande chembamba cha juu kulia, sio sehemu kubwa yenye kitovu. Nukta za namba kamili ni 7: nne zilizolala kwenye mstari wenyewe, kutoka (0, 7) mpaka (3, 4), na tatu za upande wa juu wa mstari, (1, 7), (2, 6) na (3, 5). Ukipata 11 umeingiza nukta nne zilizo kwenye vitone vya duara: zile kona mbili, pamoja na (2, 7) na (3, 6).